Kupima kiini kunaanzia kwenye kopo la formalini

Rula ya kwanza niliyofundishwa kutumia kwenye maabara ya histopatholojia, tunakochunguza vinyama vya mwili kwa hadubini, ilikuwa chembe nyekundu ya damu. Mzee aliyenipokea kazini, mteknolojia aliyekuwa anakaribia kustaafu, aliniketisha kwenye hadubini, akaweka slaidi ya uvimbe wa titi na kusema, "Binti, kabla hujaniambia kiini ni kikubwa, niambie ni kikubwa kuliko nini." Kisha akaisogeza slaidi hadi kwenye mshipa mdogo wa damu pembeni mwa uvimbe. "Hizi nyekundu zina kama mikromita saba. Na ile limfosaiti, chembe ya kinga ya bluu iliyokoza, kiini chake hakipishani nazo sana. Ziweke kichwani hizo, halafu rudi kwenye saratani."

Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukiwa mgeni unaona hiyo ni hesabu ya darasani tu. Lakini kwenye saratani ya titi, mikromita nne au tano za upana wa kiini cha seli zinatosha kumtoa mgonjwa kwenye alama mbili na kumpeleka kwenye alama tatu, na alama hiyo moja inafika mbali.

Nieleze kidogo madaraja ya ukali yanavyotolewa, maana bila hapo mengine hayataeleweka. Daktari wa patholojia anatazama mambo matatu. Kwanza, anaangalia kama seli za saratani bado zinajipanga kuzunguka uwazi mdogo na kutengeneza vijifereji, jinsi seli za titi lenye afya zinavyofanya. Zikifanya hivyo katika zaidi ya asilimia 75 ya uvimbe, alama ni moja. Zikiwa chini ya asilimia 10, alama ni tatu. Jambo la pili ni viini. Vikiwa havijazidi mara moja na nusu ya kiini cha kawaida na vinafanana, alama moja. Vikiwa kati ya mara moja na nusu na mara mbili, alama mbili. Vikizidi mara mbili, vimepauka ndani, vina vinundu vinavyoonekana wazi na kila kimoja kina umbo lake, alama tatu. Mwisho anahesabu seli zilizonaswa zikiwa katikati ya kugawanyika. Alama zinajumlishwa: tatu hadi tano ni daraja la kwanza, sita na saba daraja la pili, nane na tisa daraja la tatu. Mfumo huu unaitwa wa Nottingham, kwa sababu Elston na Ellis waliunyoosha huko mwaka 1991 kutoka kwenye ule wa Bloom na Richardson wa 1957. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi, lilikuwepo Boston na London tangu miaka ya 1920.

Sasa chukua mwanamke mwenye uvimbe wa sentimita 3, na tezi mbili za kwapa zimeshaingiliwa na saratani. Vijifereji havionekani, alama tatu. Mgawanyiko wa seli ni wa wastani, alama mbili. Viini ukivipa mbili, jumla ni saba, daraja la pili. Ukivipa tatu, jumla ni nane, daraja la tatu. Kuna hesabu nyingine, pia ya Nottingham, inayotumika kukadiria mwelekeo wa mgonjwa: unazidisha ukubwa wa uvimbe kwa 0.2, unaongeza alama ya tezi (moja kama ni safi, mbili kama zimeingiliwa moja hadi tatu, tatu kama ni nne au zaidi), halafu unaongeza daraja. Mwanamke wetu wa daraja la pili anapata 4.6, kundi la kati. Akiwa wa daraja la tatu anapata 5.6, na hapo ameshavuka mstari wa 5.4 unaomweka kwenye kundi la hatari. Mgonjwa ni yuleyule na uvimbe ni uleule. Kwa hesabu hiyo, kupanda daraja moja kuna uzito sawa na uvimbe kuongezeka sentimita 5. Mara ya kwanza nilipoifanya kwa mkono wangu niliirudia, nikidhani nimeruka nukta mahali.

Na katika yale mambo matatu, viini ndivyo vinavyowagawa madaktari kuliko mengine. Wape slaidi moja wawili wazoefu, kwenye vijifereji watakubaliana, kwenye viini mmoja atasema mbili na mwenzake tatu, na wote wawili wana sababu.

Hapo ndipo alipoingia daktari mmoja aliyekuwa akisomea ubingwa. Alikuja maabara na karatasi zake mkononi, mojawapo ikiwa ya Ikpatt, Kuopio na Collan ya mwaka 2002, waliopima viini vya saratani za titi za wanawake wa Nigeria. "Dada, nataka tuvipime kwelikweli. Kukadiria kwa jicho nimechoka." Alinihitaji mimi kwa sababu bloku za nta zinazoshikilia vinyama vya wagonjwa zilikuwa chini yangu, na kwa sababu kwenye hadubini ya mafunzo nilikuwa na subira kuliko yeye. Hilo alilisema mwenyewe.

Tulianza na njia ya wazee. Ndani ya lenzi ya jicho unaweka kioo kidogo chenye mistari 100. Mistari hiyo peke yake haina maana yoyote mpaka uilinganishe na slaidi maalumu ambayo juu yake imechorwa milimita moja ikagawanywa mara 100, kila hatua mikromita 10. Unailaza mistari ya juu sambamba na ya chini, unatafuta inapokutana sawasawa, unagawanya. Kwenye lenzi ya 40 ya hadubini yetu kila mstari ulitoka mikromita 2.5. Ukihamia hadubini ya meza ya pili, unaanza upya.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulipita haraka. Hata kuhesabu seli zinazogawanyika, kazi inayoonekana kama ya kuhesabu tu, ni suala la vipimo. Unahesabu katika maeneo kumi ya kuonea, lakini eneo la hadubini moja si sawa na la nyingine. Kama upana wake ni milimita 0.50, seli 8 zinakupa alama mbili. Kama ni milimita 0.55, seli hizohizo 8 zinakupa alama moja, kwa sababu umetazama nyama nyingi zaidi ili kuzipata. Nimekuta maabara zenye hadubini nzuri za gharama ambazo ukiuliza upana wa eneo la kuonea, watu wanatazamana. Jibu lipo kwenye lenzi yenyewe: namba iliyoandikwa pembeni ya lenzi ya jicho, mfano 20 au 22, unaigawa kwa ukuzaji wa lenzi ya chini. Ishirini gawanya kwa arobaini, 0.50. Hesabu imeisha.

Baadaye tulihamia kwenye picha. Kamera juu ya hadubini, picha kwenye kompyuta, na programu ya ImageJ, ambayo Wayne Rasband aliitengeneza katika taasisi za afya za taifa za Marekani na inatolewa bure. Unaizungusha kipanya kando ya kiini, unafunga duara, programu inakupa eneo kwa mikromita za mraba. Inasikika rahisi. Kaa sasa uchore. Ukingo wa kiini ukiukuza sana unageuka ukungu wa zambarau wenye upana wake, na lazima muamue mnapita nje ya ukungu, katikati au ndani. Daktari alipita ndani, mimi nje, na viini vyangu vikawa vikubwa kuliko vyake kwenye picha ileile. Tukakubaliana nje, tukaandika kwenye karatasi, tukaibandika juu ya kioo cha kompyuta ili mtu asijisahau saa kumi jioni macho yakiwa yamechoka.

Halafu kuna uchaguzi. Jicho la binadamu linapenda vioja. Ukimpa mtu slaidi achague viini mia vya kupima, ataenda moja kwa moja kwenye majitu: kile chenye umbo la figo, kile cheusi kilichovimba peke yake. Mzee wetu alipoona picha za kwanza za daktari alicheka, "Dokta, hawa umewaita kwenye usaili?" Dawa yake ni nidhamu isiyo na raha. Unachagua eneo lenye seli hai ukingoni mwa uvimbe, mbali na sehemu iliyooza katikati, unaanzia juu kushoto, unasoma kama mstari wa kitabu, na kila kiini chenye ukingo kamili unakipima, kikupendeze kisikupendeze. Vilivyolaliana unaviruka. Ukifika mwisho wa picha unahamia inayofuata kwa hatua ileile.

Ingawa majitu nayo yana habari yake, na sitaki kuyadharau. Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, daktari wa upasuaji William Wolberg na wenzake Street na Mangasarian walichora viini vya seli zilizovutwa kwa sindano kwenye vimbe 569 za matiti, 357 zisizo saratani na 212 za saratani. Kila kiini walikipima kwa sifa kumi: nusu kipenyo, mzingo, eneo, ulaini wa ukingo, mabonde yake na kadhalika. Kisha kwa kila mgonjwa walihifadhi wastani, na pembeni yake wakahifadhi wastani wa viini vitatu vilivyopitiliza kuliko vyote. Walijua kwamba wastani unaweza kumezwa na seli za kawaida zilizochanganyika, wakati tatu zile mbaya zinapiga kelele. Vijana wanaojifunza ujifunzaji wa mashine wanaifahamu orodha hiyo ya namba. Wengi wao hawajawahi kuona slaidi hata moja. Ila kazi ile ilikuwa ya kutenganisha saratani na isiyo saratani. Kupanga ukali ni swali jingine, na namba zake hazihamishiki hivihivi: seli zilizopakwa kwenye slaidi na kukaushwa kwa hewa hujitandaza, viini vikaonekana vikubwa kuliko vya kinyama kilichopita kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na nta. Ukichanganya namba za aina hizo mbili umepima maandalizi, hujapima ugonjwa.

Mimi ninayekata nta nilikuwa na langu la kuongeza. Kipande chetu kina unene wa mikromita tatu hadi nne. Kiini cha saratani kinaweza kuwa na upana wa kumi na tano. Kwa hiyo unachokiona chini ya lenzi ni slesi, kama yai lililochemshwa likikatwa: slesi ya katikati inaonyesha kiini chote, slesi ya karibu na ncha inaonyesha kiduara kidogo, na zote zimetoka kwenye yai moja. Ndiyo maana viini kumi havitoshi. Unahitaji vingi, ili slesi za ncha na za katikati zichanganyike kwa haki. Na kisu cha mikrotomu, mashine ya kukatia vipande hivyo, kikianza kuwa butu, unene ukipanda bila wewe kujua, viini vinakolea rangi na kulaliana, na daktari anaanza kuviona vibaya zaidi kuliko vilivyo.

Tukapima. Kwa jumla matokeo yalienda yalikotarajiwa: daraja lilipopanda, eneo la wastani la kiini lilipanda, na tofauti ya kiini kimoja hadi kingine ikapanuka. Lakini kulikuwa na kundi la sampuli lililokataa kukaa kwenye mstari. Viini vidogo, vyeusi, vimekunjamana, seli zinazogawanyika karibu hakuna, na wakati huohuo uvimbe mkubwa umekula ngozi na kwapa limejaa. Daktari alianza kuandika nadharia. Mimi nilichukua daftari la kupokelea sampuli.

Zote zilikuwa zimetoka mbali. Titi zima lililokatwa hospitali moja ya mkoani (sitaitaja) lilikuja kwa basi, limebanwa kwenye kopo la mdomo mwembamba, formalini ikiwa imefika nusu. Nyama ilipotoka ilibidi tulikate kopo. Nje ilikuwa ngumu na ya kijivu kama inavyotakiwa, lakini nilipoipasua katikati, ndani ilikuwa bado ya waridi, laini, na ina harufu. Formalini hupenya karibu milimita moja kwa saa mwanzoni, na kadiri inavyoingia ndani inazidi kuwa nzito kutembea. Kwenye mafuta ya titi ndiyo kabisa. Uvimbe uliokaa sentimita nne chini ya ngozi ulikuwa umekufa polepole kwa joto letu hili kabla dawa haijaufikia. Seli ikifa hivyo kiini chake hujikunyata. Zile zilizokuwa zinagawanyika ni shida kuzitambua tena, hesabu yake inashuka. Na sampuli nyingine ilikuwa imejaa punje za rangi ya kahawia iliyokaribia weusi juu ya slaidi nzima: formalini iliyochanganywa na maji matupu bila chumvi za kutuliza asidi.

Bahati nzuri mmoja wa wagonjwa hao alikuwa na bloku mbili. Kabla ya upasuaji alitolewa kinyama kwa sindano nene, vijiti vyembamba vilivyotumbukizwa kwenye formalini palepale. Nilizikata siku moja, nikazipaka rangi kwenye bakuli moja la hematoksilini na eosini, nikamwekea daktari bila kumwambia ipi ni ipi. Kwenye vijiti, viini vilikuwa vikubwa, vimepauka, vinundu vinaonekana, seli zinagawanyika. Kwenye titi zima, uvimbe uleule wa mwanamke yuleyule, viini vilikuwa vimesinyaa na kimya. Slaidi moja ingempa daraja la tatu, nyingine la pili. Daktari alizirudia mara kadhaa, kisha akasema, "Kwa hiyo hapa nimekuwa nikipima kopo."

Alifanya uamuzi ambao namheshimu nao hadi leo. Sampuli zisizojulikana zilikaa muda gani na kwenye nini, alizitoa kwenye uchambuzi, na akaeleza wazi kwamba amezitoa na kwa nini. Tasnifu ikawa nyembamba. Msimamizi wake alinung'unika kidogo juu ya idadi, akatulia.

Ipo pia saratani inayomdhalilisha anayeamini rula peke yake. Aina inayoitwa ya lobula (vijitezi vya maziwa) huwa na viini vidogo, vinavyofanana, vinavyotembea mstari mmoja mmoja katikati ya nyuzi kama watu wanaovuka shamba. Ukivipima utapata namba za kukutuliza, na kumbe wakati huo saratani imesambaa titi zima bila kutengeneza donge la kushika kwa mkono. Upande wa pili, zipo saratani zenye viini vya kutisha zilizozungukwa na umati wa limfosaiti, na wagonjwa wake mara nyingi wanaenda vizuri kuliko viini vinavyotabiri. Kwa hiyo namba inasomwa na mtu aliyekwisha kuijua aina. Nimesikia watu wakisema kompyuta itamaliza ubishi wa madaktari. Ubishi wa mstari upite wapi utaisha kweli, na nitafurahi. Programu za sasa zinachora maelfu ya viini kabla sijamaliza chai. Lakini zinachora kilichopo kwenye slaidi, na kiini kilichosinyaa kwenye kopo zitakipima kwa usahihi mkubwa kabisa.

Jambo jingine nilijifunza dirishani, kwenye foleni ya majibu. Dada mmoja alikuja kuchukulia mama yake, akasoma "daraja la tatu" na kukaa chini kwenye sakafu. Alikuwa ameelewa kwamba ugonjwa umefika hatua ya tatu, umeshasambaa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii karatasi inasema seli zina ukali kiasi gani. Ugonjwa umefika wapi, hiyo daktari ataisema akishaangalia tezi, ini, mapafu na mifupa." Mama yake uvimbe ulikuwa mdogo na tezi safi. Kazi ya kutoa majibu si yangu kisheria, na sikuongeza neno la tiba. Lakini nilimwomba daktari wetu tuweke sentensi moja chini ya kila ripoti inayotofautisha hivyo viwili, na ipo mpaka leo.

Na fomu ya kuombea kipimo imeongezwa mistari miwili: saa sampuli ilipotolewa mwilini, na saa ilipoingia kwenye formalini. Miongozo ya vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2, protini za seli zinazosaidia kuchagua tiba, inataka pengo hilo lisizidi saa moja, na sampuli ikae kwenye formalini kati ya saa 6 na 72. Kinachofaa vipokezi kinafaa viini pia. Mwanzoni mistari ile ilirudi mitupu. Tukaanza kupiga simu. Sasa ni wao wanaopiga. Muuguzi wa chumba cha upasuaji wa hospitali moja ya wilaya alinipigia juzi, sauti ya haraka: "Mama, titi ni kubwa, na kopo nililopewa ni dogo, nifanyeje?" Nikamwambia atafute ndoo yenye mfuniko, amwombe daktari alipasue kwa nyuma mara mbili tatu bila kufika kwenye ngozi, aweke kitambaa katikati ya mipasuo ili dawa ipite, amimine formalini mara kumi ya ujazo wa sampuli, na aandike saa. Akauliza ndoo ataandikia wapi. Juu ya ndoo yenyewe, siyo kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana njiani.